Shangazi wa Siku Moja

9 Septemba

Mdogo wangu,

Kwanza salamu, maana marehemu mama alikuwa akisema barua isiyo na salamu ni hati ya mahakama. Sisi wazima. Mimi ni mzima kwa kadiri ya mtu aliyekalia miwani yake mwenyewe. Usicheke. Fundi makochi mzima, niliyekalisha nusu ya mji huu pazuri, nimeiweka miwani kwenye kochi la mteja, kisha nikaketi kujaribu sponji. Sponji ni nzuri. Kwa sasa barua zako ananisomea wifi yako, na hii naiandika kwa kubahatisha. Ukiona mistari imepandana kama kuku kwenye tenga, uniwie radhi.

Sasa habari ya mwanao. Tulikwenda kwenye ile shule ya bweni uliyoitaka, yenye ukuta wa matofali mekundu. Wifi yako alichungulia dirishani akarudi anajifuta macho. Kila mtoto ana dawati lake, na mwalimu anapita kwa mmoja mmoja. Nikamwaza Nukta wetu na lile sikio lake la kushoto. Huko anakosoma sasa darasa limejaa mpaka madirishani, naye amesukumwa nyuma kabisa. Mwalimu akigeukia ubao, Nukta hasikii kitu, anabaki kuchungulia mwenzake ameandika nini. Wanasema ni mzito. Mtoto anayejua kunifanyia hesabu za vitambaa kuliko mimi, ndiye mzito.

Nafasi ipo, lakini shule haipokei mtoto wa kulelewa. Sharti aje kwenye usaili na baba na mama, wakae wote watatu mbele ya Mwalimu Mkuu. Karani alitueleza kwamba zamani walipokea watoto wa walezi, likizo zikifika wengine hawachukuliwi, wanabaki wanakula na mlinzi. Nikafungua mdomo nieleze kwamba mama yake yuko ng'ambo kikazi. Wifi yako akanikanyaga mguu. Bado unauma.

Njiani akanieleza alichowaza. Wewe na yeye ni wajina, jambo tulilolicheka mpaka tukachoka siku ya harusi yetu. Katika cheti cha Nukta, jina la mama ni lako na ukoo ni wetu. Na jina hilo ni lake, na ukoo huo ni wake tangu nimwoe. Sehemu ya baba nilijiandika mimi, unakumbuka, kwa kuwa yule bwana alikuwa ameshayeyuka. Kwa hiyo tukikaa pale mimi baba na yeye mama, hakuna karatasi itakayotuumbua.

Ila mimi nikiwa baba, wewe dada yangu unakuwa shangazi. Hesabu ya ukoo haina huruma. Sitafanya lolote bila neno lako.

Kaka yako


2 Oktoba

Kaka,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama chumba cha kufulia, kwa sababu ndipo mahali pekee katika nyumba hii ambapo hakuna mtu anayenihitaji. Bibi ninayemtunza alikuwa amelala. Siku hizi ananiita kwa jina la binti yake, nami naitika. Kumsahihisha kunamtia hofu. Binti mwenyewe akija Jumapili, bibi ananiuliza, "Huyu mgeni anakunywa chai?"

Nilikuja huku kwa ajili ya shule ya Nukta. Mengine yote nimejiambia ili nipate usingizi. Basi nendeni. Ila iwe siku moja tu, kaka. Siku ya usaili, mkitoka getini iwe imekwisha.

Tena mwambie Nukta ni mchezo. Alikuwa anapenda sana michezo ya kujifanya. Nilipokuwa nimechoka alinilaza mkekani nikawa mgonjwa, yeye daktari, na sikuruhusiwa kupona mpaka aseme. Mwambie mchezo huu ameubuni mama, na sheria yake ni ileile: mama mwenyewe ndiye atakayesema umekwisha.

Msalimie wifi. Mwambie nashukuru, na amfunge kamba za viatu vizuri, yule mtoto hukanyaga kamba.

Mdogo wako


6 Novemba

Mdogo wangu,

Amepokelewa. Nimeanza na hilo ili usiruke mistari.

Sasa kaa nikusimulie ulivyoaibika ukoo. Nilivaa koti la harusi. Kifungo na tundu lake havijaonana tangu siku ile, na siku ya usaili viliendelea kutazamana kwa mbali. Wifi yako alimsuka Nukta mistari myembamba iliyonyooka kama imepigwa rula, mpaka wateja wake saluni wakaona wivu. Mwalimu Mkuu ni mwanamke mrefu, mpole, asiyepepesa. Akatukaribisha kwenye kochi. Mdogo wangu, kochi lile springi zimekufa zamani. Nikazama mpaka magoti yakalingana na masikio. Nikawa najibu maswali ya maana kutoka shimoni.

Akamwuliza Nukta, "Nani kakusuka vizuri hivi?"

"Mama," akasema, akaweka mkono kwenye goti la wifi yako bila hata kugeuka.

Akaniuliza mimi, mtoto anapenda nini. Nikasema kula. Baadaye wifi yako akaniambia nilikuwa nimejielezea mwenyewe.

Kisha akauliza kama nyumbani kuna ndugu wengine. Sisi wawili tukatazamana. Nukta akasema, "Nina shangazi. Anakaa mbali, anamtunza bibi wa watu. Shangazi hajui kusuka, lakini anajua kuimba." Hilo hatukumfundisha. Shangazi tulimtaja kwa kupita tu wakati wa mazoezi.

Mwalimu Mkuu alikuwa ameona jinsi anavyogeuza kichwa kuleta sikio zima. Akainuka, akahamisha kiti chake upande wa kulia wa Nukta. Ndipo nikajua tumefika penyewe. Atakaa mstari wa mbele.

Tulipotoka getini nikamwambia, "Haya bibi, mchezo umekwisha, mimi nimerudi kuwa mjomba." Akanitazama tu. Pengine hakunisikia, nilikuwa upande wa sikio bovu.

Miwani nimeifunga kwa waya. Inaona vizuri nikiinamisha shingo kama kasuku.

Kaka yako


1 Desemba

Kaka,

Nililia, nikacheka habari za koti, nikalia tena. Bibi akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, mtoto wangu amepata shule. Akasema, "Wewe una mtoto?" Akanipangusa uso kwa kona ya shuka.

Mstari wa mbele. Naurudia nikimkanda miguu, nikikunja nguo.

Lakini kaka, kuna jambo umeliruka, nami nakujua: ukiruka jambo unaweka mzaha mahali pake. Mlipofika nyumbani, Nukta alikuitaje? Wifi alimwitaje? Nijibu hilo tu, koti niachie.

Na ule wimbo niliokuwa nikimwimbia, je, bado anaukumbuka, au alikumbuka tu kwamba naimba?

Mdogo wako


15 Januari

Wifi yangu,

Ninakuandikia mimi kwa sababu kaka yako akiandika hufunika sufuria. Nimemwambia nitafunua, amekubali, amekwenda kujifanya anapigilia misumari.

Uliuliza Nukta ananiitaje. Tangu siku ya usaili ananiita mama. Si mbele za watu tu. Jikoni, bafuni, saluni nikiwa na kichwa cha mteja mkononi, hata akiota. Mwanzoni nilimwambia, "Niite anti, kama zamani." Akatikisa kichwa. Nikamwambia tena kesho yake. Baada ya hapo sikumwambia tena, na hilo ndilo ninalokuandikia.

Unajua nimekaa miaka mingapi katika nyumba hii na unajua kilichokosekana. Sitazunguka. Mara ya kwanza aliponiita akiwa nyuma ya pazia nilikwenda nikakaa juu ya beseni nikalia, akanikuta. Sikumwibia, wifi. Niliitwa, nikaitika.

Tumempeleka bweni wiki iliyopita. Kitanda chake kiko karibu na dirisha. Kaka yako alijaribu godoro kwa kuketi, matroni akamwomba aondoke.

La mwisho, nalo usilichukie. Barua za watoto husomwa na matroni kabla ya kutumwa, na zinazoingia pia. Muhula uliopita kuna mtoto aliyeondolewa katikati ya masomo kwa sababu waliomleta hawakuwa wazazi wake. Kwa hiyo akikuandikia atakuita shangazi. Ukimwandikia, tafadhali jiandike hivyo.

Nisamehe panaposameheka.

Wifi yako


20 Februari

Kaka,

Barua ya Nukta imenifikia. Naiandika hapa ili uione kama ninavyoiona mimi.

"Shangazi mpendwa, shikamoo. Mimi ni mzima. Ninakaa mstari wa mbele na ninasikia. Nimekuwa wa nne katika hesabu. Baba na mama walikuja Jumapili, baba aliketi kwenye kitanda cha mtu. Wasalimie wote huko. Ni mimi, Nukta."

Nimeigeuza nyuma. Nimeinua karatasi kwenye taa. Hakuna hata doa la kunikonyeza.

Simlaumu wifi, mwambie hivyo, na umwambie kwa sauti ya kawaida. Aliyeitwa huitika, mimi mwenyewe huku naitika jina la mwanamke mwingine kila siku. Lakini binti wa bibi alikuja juzi, mama yake akampa mkono kama mgeni. Yule binti, mama mtu mzima, alitoka akasimama uani bila koti, kwenye baridi, nikamwona kupitia dirisha. Nikaona siwezi.

Nimeomba likizo na nimepewa. Nitakuwapo siku ya wazazi. Nitaingia ofisini nitamwambia Mwalimu Mkuu kwamba mama wa mtoto huyu ni mimi. Wakimtoa, basi watakuwa wamemtoa mtoto anayejua mama yake ni nani.

Usinipinge kwa mizaha.

Mdogo wako


12 Machi

Mdogo wangu,

Sina mzaha. Nimeutafuta hata chini ya kochi.

Siwezi kukuambia usiseme. Ni mwanao. Ninakuomba kitu kimoja: ukifika, kabla ya ofisini, pita kwanza darasani umwone alipokaa. Kisha fanya utakaloona.

Wifi yako amepaka rangi chumba chako. Hajaniambia analala au halali, nami sijamwuliza. Tutakuja kukupokea.

Kaka yako


18 Aprili

Kaka,

Nimerudi huku salama. Bibi hakunitambua siku ya kwanza. Siku ya pili akaniita kwa jina la binti yake, nikajua nimesamehewa kuondoka.

Barua hii nimeituma karakana, si nyumbani, ili uisome mwenyewe. Natumaini waya wa miwani bado unashika.

Mliona sikuingia ofisini. Ulinishukuru njiani, nami nikanyamaza, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Mlichokiona ni hiki: nilijiandika shangazi kwenye daftari la wageni getini. Nukta akaja na sketi yake ya pindo refu, akanipa mkono, akapiga goti kidogo, "Shikamoo shangazi, za safari?" Ukacheka ukasema huyu mtoto atakuwa balozi. Wifi alitazama pembeni. Mimi nikaitikia marahaba, na sauti ikatoka.

Hamkuona haya mengine. Mlipokuwa ukumbini mnakula, akaniomba aje kunionyesha bweni. Hapakuwa na mtu. Akafunga mlango, akainama akatazama chini ya vitanda vyote. Kisha akaja akaniwekea mdomo sikioni.

"Mama, nimecheza vizuri?"

Nikakaa kitandani, kaka.

Nikamwuliza, "Kumbe ulikuwa unacheza?" Akanishangaa. "Si wewe ulisema? Mjomba aliniambia umekwisha, lakini mjomba si mama. Ulisema mpaka useme wewe." Nikamwuliza hata nyumbani, hata jikoni? Akasema ndiyo, kwa sababu ukiacha hata kidogo unakuwa umeshindwa. Akanieleza nani anacheza vizuri na nani hajui. Wewe hujui, unacheka. "Anti ndiye anacheza kuliko wote," akasema. "Mimi nikimwita mama, yeye analia kabisa, na machozi."

Halafu akakaa karibu yangu, mikono magotini, akangoja niseme.

Nilikuwa na neno hilo mdomoni. Nimelibeba toka huku mpaka pale. Lakini nilikuwa nimepita darasani kama ulivyoniomba. Nimeliona dawati, limeandikwa jina lake kwa chaki, liko karibu na meza ya mwalimu kiasi kwamba angeweza kuligusa. Na nilijua mtoto akiachiliwa atafurahi, na mtoto aliyefurahi hajui kunyamaza.

Nikamwambia, "Bado. Endelea kidogo."

"Mpaka lini?"

Nikasema mpaka nitakaporudi tena. Mabega yakamshuka, basi, kama mtu aliyeambiwa foleni yake haijafika. Kisha akaniimbia ule wimbo, wote, polepole, sikio zima limeelekea mlangoni ili asikie mtu akija. Tukarudi ukumbini. Getini akaniaga mbele yenu: kwaheri shangazi, asante kwa biskuti.

Sasa ninakuomba. Usimwambie wifi. Mwache aitwe. Nimemwangalia alivyomfunga zile kamba za viatu, hakuinua macho mpaka fundo limekaa. Mimi nina wimbo wangu, unanitosha kwa sasa. Yeye akilijua hili hatabaki na kitu.

Mdogo wako


14 Mei

Mdogo wangu,

Naandika mapema, kabla sijafungua karakana, kwa sababu nikianza kazi nitapata sababu ya kuacha.

Barua yako ilifika kama ulivyoielekeza. Miwani haikufika. Siku moja kabla, msumari uliruka ukachukua kioo cha kulia, na cha kushoto kimebaki kwa jina tu. Nikautambua mwandiko wako, nikaona ni ndefu, nikafurahi. Wifi yako alikuwa ameniletea chakula. Nikampa anisomee, kama siku zote. Sikufikiri. Mtu aliyekalia miwani yake hawezi kuambiwa afikiri.

Alikuwa ameketi kwenye lile kochi la Mwalimu Mkuu. Hujui, ile siku ya wazazi nilimwomba anipe nilitengeneze, limekuja, nimeshalipasua tumbo, springi zote ziko nje. Alikaa pembeni, penye ubao.

Alisoma kwa sauti yake ya kunisomea, ile ya taratibu. Alipofika kwa Nukta kuinama chini ya vitanda akatabasamu. Nadhani alidhani ni utundu. Nilipoanza kuelewa nikasema, "Basi, mengine nitasoma mwenyewe." Akasema, "Kwa macho gani?" akaendelea. Alisoma nani anacheza vizuri. Alisoma na yale ya machozi. Hapo akaufuta ukurasa kwa kiganja kama una vumbi. Karakana yangu ina vumbi, ni kweli.

Aliposoma "Usimwambie wifi," hakusita. Sauti ilikuwa ileile. Akasoma mpaka "Mdogo wako" ya mwisho, akakunja barua kwa mikunjo uliyoikunja wewe, akairudisha kwenye bahasha.

Nikatafuta la kusema. Unanijua, huwa silikosi. Nikaambulia, "Chakula kimepoa."

Akaniuliza likizo inaanza lini. Nikamwambia. Akasema basi ana muda wa kujifunza ule mtindo mpya wa kusuka ambao watoto wanautaka, kwa sababu mistari ile Nukta ameshaichoka. Akachukua vyombo akaondoka. Mlangoni akageuka, akanituma nikuandikie hivi, kama alivyosema, nisiongeze:

"Mwambie wifi aliahidi kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemwambia mtoto mchezo umekwisha. Mimi sitamwambia. Mtoto akirudi akaniita, nitaitika."

Kaka yako